Winta ya London usijifungie ndani

Jamani mlio London, winta isiwafanye mkae ndani na hita tu. Kwanza muda: katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, so toka mapema, saa tano asubuhi hivi, ukisubiri umalize kupika utakuta giza. Vaa nguo nyepesi mbili tatu halafu koti juu, na miguu ndo muhimu, soksi za sufu na buti zisizopitisha maji. Chai ya tangawizi kwenye themosi usiache.

Mi napenda sana Kew Gardens, ile bustani kubwa ya mimea hapo London. Zunguka nje kwanza mpaka pua ipoe kabisa, ndo uingie Palm House, lile jumba la vioo lililojengwa 1844 mpaka 1848 (cheki kama liko wazi siku hiyo), ndani joto na unyevu kama Tanga, miwani inashika ukungu papo hapo, ukiifuta unaona migomba, majani mapana yanadondosha maji, nilisimama pale nikakumbuka nyumbani jamani. Mwisho wa Januari angalia chini ya miti, kuna vimaua vyeupe vimeinamisha vichwa, uchuchumae ndo utaviona vizuri.