Unakwenda kusoma kozi ya kodi? Weka haya sawa kwanza

Semista ya kodi ikikaribia, wadogo zangu wa uhasibu hunitafuta na swali lilelile: "Kaka, kodi ngumu kweli?" Ngumu, tusidanganyane. Mimi niliingia na GPA ya kujivunia nikatoka na sapu, yaani mtihani wa marudio, na ubaoni majina yalikuwa mengi. Hesabu zenyewe hazitishi. Ni kujumlisha, kutoa na asilimia tulizofundishwa shule ya msingi. Ila kila namba ina kifungu cha sheria nyuma yake, na kifungu hakijali kama jibu lako linaingia akilini au haliingii. Kwa hiyo kabla semista haijaanza, sikiliza.

Uhasibu wako wa mwaka wa kwanza uwe umekaa. Kama huwezi kutembea kutoka mauzo hadi faida halisi bila kuchungulia kitabu, rudi huko kwanza, kwa sababu kodi inaanzia pale uhasibu unapoishia. Unachukua faida ya vitabuni, unarudisha ndani vitu ambavyo sheria haivikubali, kama uchakavu wa kihasibu, faini za serikali na matumizi ya nyumbani kwa bosi, halafu unatoa vile inavyovikubali. Asiyejua namba iliingiaje kwenye hesabu hatajua kwa nini anaitoa.

Kalkuleta yako mwenyewe, si ya kuazima. Simu haiingii chumba cha mtihani.

Tafuta sheria yenyewe. Usiishie kwenye slaidi. Hapa Tanzania Kodi ya Mapato ni Sura 332, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni Sura 148, Usimamizi wa Kodi ni Sura 438. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Pakua, nenda steshenari, toa kopi ya majedwali hata kama huna hela ya kutoa kitabu kizima. Najua utaniambia lugha yake ni ya mawakili. Ndiyo, na ndiyo maana uanze mapema. Chukua mfanyakazi anayepewa nyumba na mwajiri. Sheria inataka ile nyumba ihesabiwe kama sehemu ya mapato yake, lakini kwa kiasi gani? Slaidi zetu zilisema "asilimia 15" basi, watu wakazidisha na kuondoka. Sheria inasema uchukue kilicho kidogo kati ya kodi ya pango ya soko na kile kilicho kikubwa kati ya asilimia 15 ya mapato ya mfanyakazi na gharama ambazo mwajiri amezidai kwa ajili ya hiyo nyumba. Isome mara mbili. Mara ya kwanza hata mimi nilidhani ni kitendawili.

Sasa weka namba. Nyumba ingepangishwa sokoni kwa milioni 6 kwa mwaka. Mapato ya mfanyakazi ni milioni 24, asilimia 15 yake ni milioni 3.6. Mwajiri amedai gharama za milioni 4.8. Kwanza pambanisha 3.6 na 4.8, chukua kubwa: 4.8. Kisha pambanisha 4.8 na 6, chukua ndogo: 4.8. Kama nyumba anakaa bure, hiyo ndiyo inayoingia kwenye mapato yake. Yule wa "asilimia 15" ameandika 3.6 na amekosa, na kila mstari unaofuata umekosa naye. Mhadhiri akiwa mpole atakupa alama za njia. Usimtegemee mpole.

Uchakavu: hesabu za kampuni zina viwango vyake, TRA ina vyake. Kompyuta na magari madogo asilimia 37.5, malori na mabasi makubwa asilimia 25, samani asilimia 12.5, na makundi hayo matatu hupigwa kwa salio linalobaki. Kompyuta ya milioni 2 inakupa 750,000 mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa pili ni 468,750, kwa sababu unapiga kwenye milioni 1.25 iliyobaki. Watu wanaandika 750,000 miaka mitatu mfululizo halafu wanashangaa kompyuta imekwisha.

VAT: bei ikisemwa kodi imo ndani, gawanya kwa 118 uzidishe kwa 18. Kwenye 118,000 kodi ni 18,000. Ukipata 21,240, umetoza kodi juu ya kodi.

Michango ya mfuko wa pensheni hutolewa kabla ya kupiga PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Makato ya mkopo wa Bodi ya Mikopo hayatolewi kabla. Yanauma, najua, ila ndivyo.

Na video za mtandaoni ziangalie kwa jicho kali. Majirani zetu wa Kenya wana walimu wazuri mno wa kodi huko YouTube, wanaeleza taratibu, wanachora, unaelewa kila kitu. Tatizo unaelewa kodi ya Kenya. Kule VAT ni asilimia 16, na kwenye PAYE kuna nafuu binafsi, punguzo la kodi la shilingi 2,400 za kwao kwa mwezi, ambayo huku haipo. Mwenzetu mmoja aliitoa hiyo 2,400 kwenye testi ya kwanza, kwa mkono mzuri kabisa, na kuipigia mstari. Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na hilo nalikumbuka kwa sababu ya yaliyonipata baadaye. Wa Zanzibar nao muwe macho: kodi ya mapato ni jambo la Muungano, lakini VAT mna sheria yenu na asilimia 15 yenu. Uliza mapema mtihani wako unapima sheria ya wapi.

Sasa nije kwenye lililoniangusha. Hili ndilo lililonifanya nikae niandike yote haya.

Nilikuwa na daftari. Kauntabuku la kwaya tatu, nililouziwa kwa shilingi 10,000 na kaka mmoja wa mwaka uliotutangulia. Alisoma kozi ile mwaka wa masomo 2020/21 akapata A. Mwandiko kama umechapwa, viwango kwenye visanduku vyekundu, mifano yote imekokotolewa mpaka mwisho. Nililipenda lile daftari kuliko mhadhiri. Wenzangu wakipiga msuli kwenye vimbweta na lundo la makaratasi, mimi nimelala hosteli na kauntabuku kifuani, namaliza jedwali la PAYE kwa kichwa kama sala: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 asilimia 9, hadi 760,000 ni 22,500 na asilimia 20, hadi milioni 1 ni 70,500 na asilimia 25, juu ya hapo ni 130,500 na asilimia 30.

Kila neno hapo lilikuwa kweli, kwa huyo kaka. Mwezi Juni 2021 Bunge likapitisha Sheria ya Fedha, ile inayobadilisha viwango vya kodi, na kuanzia tarehe 1 Julai 2021 ile asilimia 9 ikawa 8. Badiliko dogo hivyo tu, lakini limesukuma jedwali zima: 22,500 ikawa 20,000, 70,500 ikawa 68,000, 130,500 ikawa 128,000.

Mhadhiri alilisema. Alitenga kipindi kizima kwa mabadiliko hayo. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, nimepanga tangu saa mbili asubuhi, nikatoka saa nane mchana. Jioni nikamwuliza jamaa yangu kwa WhatsApp leo wamefundishwa nini. Akajibu neno moja: "Marekebisho." Nikaona si kitu. Tena nilikuwa na daftari.

UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikaja Julai 2022. Swali la pili, alama 20. Mfanyakazi ana mshahara wa 1,500,000 kwa mwezi, anachangia asilimia 10 kwenye mfuko wa pensheni. Kokotoa PAYE yake ya Juni 2021 na ya Julai 2021. Nikatabasamu. Milioni 1.5 ukitoa 150,000 inabaki 1,350,000. Juu ya milioni kuna 350,000, asilimia 30 yake 105,000, jumlisha 130,500. Jibu 235,500. Hiyo Juni, na nilipata. Julai mshahara ni uleule, mchango uleule, nikaona mhadhiri anatupotezea muda. Nikaandika: "Kama Juni." Nikapiga mstari.

Sehemu (b) ikataka jumla ya kodi ambayo mwajiri atapeleka TRA kwa wafanyakazi 12 wenye mshahara huohuo, kila mwezi peke yake. Nikazidisha kwa 12, nikaandika namba moja mara mbili. Bado sijashtuka. Jamani, mtu anaulizwa miezi miwili tofauti, anapata namba moja, na bado hajashtuka!

Sehemu (c): eleza sababu ya tofauti kati ya kodi ya Juni na ya Julai.

Tofauti gani? Nilisoma swali lile kama mara kumi. Nikarudi juu, nikahisi mfuko wa pensheni umebadilisha kitu. Nikajaribu kupiga kodi bila kutoa mchango. Nikakata. Nikajaribu kuugawa mchango. Nikakata. Nikaanza kudhani labda Juni ni mwisho wa mwaka wa serikali, kwa hiyo kuna hesabu fulani ya kufunga mwaka. Nikaandika aya nzima kuhusu hiyo hesabu ya kufunga mwaka, ambayo haipo duniani, na bado naona haya nikiikumbuka. Dakika 40 zikaisha kwenye swali moja la mtihani wa saa tatu. Msimamizi anatangaza nusu saa imebaki, mimi sijagusa swali la VAT ambalo ndilo nililokuwa nalijua vizuri kuliko yote. Nililianza, nikaishia kwenye kodi ya manunuzi.

Matokeo: 37. Kwetu kufaulu ni 40.

Jibu sahihi la Julai ni 233,000. Tofauti ni shilingi 2,500, chips mayai sahani moja. Ndiyo iliyonirudisha chuo kufanya sapu wakati wenzangu wako field, mafunzo ya vitendo, na kwetu sapu hata ukiipasua yote unaandikiwa C. Yule mwenzetu wa nafuu ya Kenya alipata B. Alijifunza kwenye testi, mimi nikajifunzia kwenye UE.

Simlaumu kaka aliyeniuzia. Yeye aliuza alichokuwa nacho, mimi ndiye sikutazama tarehe. Kwa hiyo fanya hivi. Kila ukurasa wenye kiwango, andika juu yake ni Sheria ya Fedha ya mwaka gani. Daftari la kurithi, desa la kununua, pasti pepa, vyote hivyo vitumie kujifunza njia, namba uzitoe kwenye sheria ya sasa. Na kwenye mtihani, kabla hujagusa kalkuleta, zungushia duara mwaka uliotajwa kwenye swali. Swali likitaja Juni na Julai pamoja, jua hapo pana mtego. Bajeti husomwa Dodoma katikati ya Juni, na mengi huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo mwaka wa kalenda mmoja unaweza kuwa na viwango viwili. Mwaka 2023, kwa mfano, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na kiwango cha mauzo cha kujisajili VAT kikapanda kutoka milioni 100 hadi 200. Pasti pepa ya 2022 itakwambia mwenye duka la mauzo ya milioni 150 lazima ajisajili. Ukiijibu hivyo 2024, umepotea.

Kama lazima ukose kipindi, kosa chochote ila kipindi cha marekebisho. Bumu litasubiri kesho. Au usifuate ushauri wangu kwa hilo, najua njaa ya hosteli ilivyo, lakini basi mfuate mtu mwenye daftari la siku ile, ukae naye, unakili. Usikubali jibu la neno moja.

Diskasheni muwe wanne au watano, zaidi ya hapo ni kijiwe. Mmoja wenu awe mbishi, anayeuliza "kifungu gani?" kila mara. Atawachosha, mvumilieni. Testi ya kwanza usiidharau, coursework, alama za kabla ya UE, ndiyo inayokuokoa UE ikikugeuka. Tarehe za kupeleka kodi zikariri, ni alama za bure: PAYE tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani (taarifa) ya VAT tarehe 20. Maswali ya nadharia usiyajibu kwa hadithi. Taja kifungu, eleza, toa mfano, toka. Anza na swali unalolijua, hata kama ni la mwisho. Ukikwama dakika kumi, hama. Kalamu mbili, kitambulisho, na fika mapema ujue umepangwa chumba gani. Usibishane na msimamizi. Usiku wa mtihani usifungue magrupu ya WhatsApp, huko kila mtu ana "tipu" na kila tipu ina jedwali lake.

Na hizi namba nilizoziandika humu, usizinakili kwenye daftari lako. Kazitazame kwanza kwenye sheria ya mwaka wako. Ukiwa unasoma haya mwezi wa sita, subiri Bunge limalize.