Kilele na bonde la polinomia, kwa bati la fundi

Jioni nafundisha twisheni Nkuhungu, hapa Dodoma, na mada hii ya kutafuta kilele na bonde la polinomia (jumla ya vipeo vya x, kila kimoja na namba yake mbele) huwa naianza na bati la kunyweshea kuku. Fundi jirani alikuwa na kipande cha mraba, sentimita 60 kwa 60. Akakata kona nne, sentimita 15 kila moja, akakunja kingo. Chombo kikachukua lita 13 na nusu. Bati lile lile lingechukua lita 16, na kwa sisi tunaoteka maji kwa ndoo, lita mbili na nusu si haba.

Ukikata kona ya x, ujazo ni x(60 − 2x)². Fungua mabano kwanza: 4x³ − 240x² + 3600x. Wengi hurukia mbele mabano yakiwa bado yamefungwa, na alama zinapotelea hapo.

Sasa tafuta mteremko, yaani kasi ambayo mchoro wa ujazo unapanda au kushuka x ikiongezeka. Kila kipeo, ile namba ndogo juu ya x, kinashuka kuzidisha namba ya mbele, kisha kinapungua moja: 12x² − 480x + 3600. Kileleni na bondeni mchoro haupandi wala haushuki, basi mteremko ni sifuri. Gawanya kwa 12: (x − 10)(x − 30) = 0. Tuna 10 na 30.

Usiandike jibu bado. Mchoro wa x³ nao una mteremko sifuri pale x = 0, lakini unapanda, unatulia, unaendelea kupanda; hakuna kilele wala bonde. Mimi hupima pande mbili. Weka 9 kwenye mteremko: 252, tunapanda. Weka 11: −228, tunashuka. Kwa hiyo 10 ni kilele, sentimita za ujazo 16,000, yaani lita 16. Kwenye 29 tunashuka, kwenye 31 tunapanda: 30 ni bonde, ujazo sifuri, maana bati limekatwa likaisha. Kuna njia ya mteremko wa mteremko, 24x − 480: hasi ni kilele, chanya ni bonde. Ni ya haraka, ila ikikupa sifuri utarudi kupima pande mbili.

Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nikiweka 50 napata 80,000, na kwenye 10 ni 16,000 tu. Kilele gani hicho?" Nililipenda sana swali lile. Kilima cha Mlimwa ni kilele kwa aliyesimama Dodoma, japo Kilimanjaro ipo; tumepata kilele cha eneo lake tu. Tena bati la sentimita 60 halikatiki kona za 50. Lazima x iwe kati ya 0 na 30, na mpaka huo uandike daftarini kabla hujaanza kukokotoa.