Begi, soksi na chupa ya maji: kumzoesha mtoto mdogo kupanga vitu vyake

Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, watoto wa miaka minne hadi sita. Malalamiko ninayoyasikia zaidi getini asubuhi ni haya: "Mwalimu, mtoto huyu hajali kabisa. Leo tena kasahau daftari." Mzazi anayasema huku kamshika mtoto mkono, na mtoto anatazama chini. Naomba hilo neno "hajali" tuliondoe kwanza. Wengi wao wanajali sana. Kilichowashinda ni kulikumbuka daftari huku wanatafuta kiatu.

Kupanga, kukumbuka hatua na kujizuia ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo huchelewa kukomaa kuliko nyingine. Huendelea kukua mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Wachunguzi wa watoto wana jaribio moja ninalolipenda, la kadi za picha za sungura na mashua, nyekundu na za buluu. Mtoto wa miaka mitatu akiambiwa azitenge kwa rangi, anatenga vizuri. Akiambiwa sasa atenge kwa picha, sungura huku, mashua kule, wengi wanaendelea kutenga kwa rangi. Cha ajabu, ukimuuliza kanuni mpya inasemaje, anakutajia sawasawa. Akifika miaka mitano, kwa kawaida anaweza kubadilisha. Kwa hiyo mtoto akikujibu vizuri ulipomuuliza "Nilikwambia nini?", usidhani alikudharau alipoacha kufanya. Anajua, ila kufanya kile anachokijua bado anajifunza.

Anza na namna unavyomwagiza. Sikiliza asubuhi nyumbani kwako: "Nenda chumbani, vaa soksi, chukua sweta, lete begi, na chupa ya maji usiisahau." Hayo ni mambo matano kwa pumzi moja, na mtoto atarudi na chupa ya maji tu kwa sababu ndiyo aliyoisikia mwisho. Mpe moja. Akirudi, mpe jingine. Akishazoea, mpe mawili kwa pamoja, na kabla hajaondoka mwambie akurudishie kwa mdomo wake: "Soksi, halafu sweta." Utamsikia anajisemea njiani, "soksi, sweta, soksi, sweta". Msimnyamazishe wala kumcheka. Kujisemea kwa sauti ndiko kunakomwongoza, na akikua maneno hayo yataingia ndani na kuwa mawazo.

Halafu kila kitu kiwe na mahali pake, na mahali penyewe mkono wa mtoto upafikie. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni namna yake ya kufundisha watoto wadogo, alipofungua shule yake ya kwanza mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, alikuwa na watoto wa familia maskini. Huko alitumia makabati mafupi na viti vidogo vinavyomwezesha mtoto kujichukulia kitu na kukirudisha mwenyewe. Wewe huhitaji kabati. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja au viwili vya kupanga, na nguo za nyumba nzima ziko kwenye sanduku moja. Pigilia msumari ukutani usawa wa bega la mtoto: hapo ni pa begi. Boksi tupu la biskuti karibu na mlango ni la viatu, na soksi zikae ndani ya viatu. Boksi jingine la vitabu. Chora kwa maka peni kwenye kipande cha manila picha ya kiatu, picha ya kitabu, ubandike. Asiyejua kusoma atasoma picha. Vitu viwe vichache. Vikizidi, hata mtu mzima hukwama.

Kazi kubwa ifanyike jioni. Asubuhi kuna uji, kuna daladala, kuna foleni ya bafu, na hakuna anayefundishika katika haraka hiyo. Chagua wakati usiobadilika, kwa mfano baada ya kuoga na kabla ya chakula cha usiku. Siku za kwanza pakieni begi pamoja: mkono wako na wake. Baadaye yeye apakie, wewe ukae hapo utazame. Baadaye zaidi uliza tu, "Kesho utahitaji nini?" halafu unyamaze. Huo ukimya ndio mgumu. Atasimama, ataangalia juu, atashika kifutio badala ya daftari. Mvumilie. Ukimtajia, wewe ndiye uliyekumbuka, na kesho atakusubiri wewe tena.

Hapa lazima niseme juu ya dada wa nyumbani, maana mara nyingi asubuhi ya mtoto iko mikononi mwake. Yeye ameambiwa mtoto asichelewe gari, kwa hiyo anamvisha, anamfunga kamba za viatu, anambebea begi hadi getini. Anafanya alichoagizwa. Kaa naye, mweleze, na mwamshe mtoto mapema kidogo ili dada apate nafasi ya kumwacha avae mwenyewe. Bibi naye aelezwe, kwa adabu, kwa sababu kumtendea mjukuu kila kitu kwake ni mapenzi.

Usimpe mtoto wa umri huu hesabu za dakika. "Dakika kumi" hazimwambii kitu. Mwambie, "Ugali ukiiva, vitu vya kuchezea viwe vimeingia kwenye ndoo," au "Ikiadhiniwa alasiri tunaanza." Hapo wakati anausikia na kuunusa.

Na kazi za nyumbani na michezo yetu ni darasa kamili. Mpe vyombo vilivyokauka avitenge: vijiko huku, vikombe kule. Mpe nguo za kufua atenganishe nyeupe na za rangi, au soksi azitafutie wenzake. Jioni chezeni nyama nyama: kiongozi anataja "ng'ombe!" wote wanaruka na kuitika "nyama!", akitaja "chura!" kimya, hakuna kuruka. Mtoto anayejifunza kutoruka kwenye chura anajifunza kujizuia, na ni nguvu hiyohiyo itakayomzuia kukimbilia katuni kabla hajatundika begi.

Akifanya vizuri, taja alichofanya: "Umetundika begi bila kukumbushwa." Sifa ya namna hiyo inamwonyesha cha kurudia kesho.

Wapo watoto ambao hata baada ya miezi ya utaratibu huu bado wako mbali sana na wenzao. Anza kwa kumpima macho na masikio, kwani asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu. Mwulize mwalimu kama darasani naye anayaona hayo, au ni nyumbani tu. Andika kwa wiki kadhaa nini kinamshinda na saa ngapi, pamoja na usingizi wake na kama alikula. Nenda na maandishi hayo kwa daktari wa watoto, atakuuliza hayohayo.