Kuchagua polishi na pedi za kurekebisha klia ngumu ya gari

Fundi aliyezoea rangi laini, anapokutana na klia ngumu (klia ni tabaka la juu kabisa, lisilo na rangi, linaloikinga rangi ya gari) kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba mashine yake ya kupolishia imeharibika. Hutumia polishi ileile na pedi ileile ya sponji ambazo kwenye gari lililotangulia zilifuta mikwaruzo baada ya kupita mara nne tu, lakini akipangusa hukuta mikwaruzo ipo palepale, ila sasa inang'aa. Wengi hapo hukimbilia polishi kali zaidi. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu kwenye klia ngumu pedi ndiyo inayoamua ukataji, yaani klia inakwanguliwa kiasi gani, na polishi huja baada yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Osha, kisha pima

Osha gari, ondoa chembe za chuma na lami, pitisha udongo wa kusafishia rangi, halafu ziba kwa tepu kingo, mipira na plastiki zisizopakwa rangi. Baada ya hapo pima unene wa rangi kila paneli, sehemu kadhaa. Kumbuka kwamba kipimo cha kawaida husoma jumla ya tabaka zote zilizo juu ya bati, yaani praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe na klia kwa pamoja. Gari lenye rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na katika hizo klia huwa ni kama 40 au 50 tu. Ugumu si unene. Klia ngumu inaweza kuwa nyembamba kama nyingine yoyote, na viambato vinavyoikinga dhidi ya miale ya jua vimo ndani ya klia hiyohiyo unayoipunguza, kwa hiyo kila mikroni unayoiondoa hairudi.

Hatua ya 2: Fanya jaribio kabla ya kuamua kwamba klia ni ngumu

Ni kweli kwamba baadhi ya watengenezaji wanajulikana kwa klia ngumu. Mercedes-Benz, kwa mfano, ilianza mwaka 2003 kutumia klia yenye chembe ndogo sana za kauri ili istahimili mikwaruzo, na mafundi wengi huyaweka magari ya Audi katika kundi hilohilo. Hata hivyo, jina lililo kwenye boneti halitoshi kukuongoza. Mlango uliopakwa rangi upya baada ya ajali unaweza kuwa laini ilhali mlango wa jirani yake ni mgumu, na ndiyo maana jaribio hurudiwa kila unapohisi kwamba pedi imeanza kuteleza au kunata tofauti.

Tenga mraba wa sentimita 40 kwa 40 mahali pa wazi kwenye boneti au mlango. Anza na polishi ya wastani na pedi ya sponji ya wastani, pita mara nne hadi sita, pangusa, kisha futa eneo hilo kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji. Kufuta huku hakukwepeki, kwa sababu mafuta yaliyomo katika polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya kwamba imeondoka. Tazama kwa taa kali ya mkono, ukiishika kwa pembe tofauti. Mikwaruzo ikiwa imetoweka, klia hiyo si ngumu kwako, na huna sababu ya kupanda makali.

Hatua ya 3: Badilisha pedi, polishi iache palepale

Mikwaruzo ikibaki, badilisha kitu kimoja tu, nacho ni pedi. Ukibadilisha pedi, polishi na kasi kwa pamoja hutajua ni kipi kilichosaidia.

Sponji hukata kwa kubeba polishi, lakini ni laini, hivyo humeza sehemu ya nguvu ya mashine kabla haijafika kwenye rangi. Pedi ya maikrofaiba ni tofauti: nyuzi zake fupi zimesimama juu ya tabaka jembamba, zinazishika chembe za polishi kwenye ncha, na nyuzi zenyewe husaidia kukwangua. Kwenye mashine inayotikisika, yaani inayozungusha pedi huku ikiiyumbisha, polishi ileile ya wastani iliyoshindwa juu ya sponji mara nyingi hufaulu juu ya maikrofaiba. Ubaya wake ni joto na ukungu hafifu unaoachwa nyuma. Pedi ya sufu hukata kwa nguvu zaidi kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, nayo hupitisha hewa na kubaki baridi kuliko maikrofaiba, jambo lenye thamani kubwa kwenye klia inayodai kusuguliwa kwa muda mrefu. Mimi huanza na maikrofaiba kwenye paneli za bati zilizo bapa, na huichukua sufu pale maikrofaiba inapopasha moto kupita kiasi.

Ukubwa nao una uzito wake. Pedi ndogo hukusanya nguvu ya mashine mahali padogo na hukata zaidi, na pedi nyembamba hupoteza mwendo mdogo kuliko nene. Kabla hujaongeza makali ya polishi, jaribu kwanza kushuka kutoka pedi ya inchi 6 hadi ya inchi 5 au chini yake.

Hatua ya 4: Sasa chagua polishi

Karibu polishi zote za kukata hutumia chembe za oksidi ya alumini. Katika baadhi ya polishi chembe hizo huvunjika na kuwa ndogo kadiri unavyosugua, kwa hiyo ni lazima uzifanyie kazi hadi mwisho wa mzunguko wake. Katika nyingine, chembe hubaki na ukubwa uleule, na unaweza kusimama wakati wowote. Kwenye klia ngumu napendelea aina ya pili, maana hukata kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, mradi polishi isikauke mapema. Usilinganishe namba za makali za watengenezaji wawili. Kila mmoja ana kipimo chake.

Paka polishi kwenye uso wote wa pedi mpya hadi kila uzi upate unyevu, kisha ongeza matone matatu au manne tu kwa kila eneo. Polishi ikizidi, pedi huteleza badala ya kukata.

Hatua ya 5: Mashine na mkono

Chora alama kwa kalamu ya wino kwenye sahani ya kushikia pedi. Alama ikisimama kuzunguka, umekandamiza kupita kiasi au umeinamisha mashine, na pedi inatikisika tu bila kukata. Mashine yenye mtikisiko (upana wa kuyumba kwa pedi) wa milimita 15 hutosha kwa kazi nyingi; ya milimita 21 hufanya paneli kubwa haraka, lakini husimama kwa urahisi kwenye mikunjo. Sogeza mkono polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, na kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Rangi ikifika nyuzijoto 60, iache ipoe. Kwenye bampa za plastiki kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu joto halitawanyiki kama kwenye bati.

Hatua ya 6: Safisha pedi kila baada ya eneo moja

Hapa ndipo kazi nyingi za klia ngumu huharibika. Klia iliyokwanguliwa huchanganyika na polishi iliyotumika na kugandisha nyuzi, na pedi iliyoganda haikati, hupasha tu joto. Puliza maikrofaiba na sufu kwa hewa ya kompresa, na sponji uisugue kwa brashi. Andaa pedi kadhaa za kukatia kwa gari zima, kwa sababu moja iliyolowa na kupata moto hupoteza makali hata ikiwa safi.

Hatua ya 7: Kumalizia

Klia ngumu hulipa hapa, kwani kwa kawaida humaliziwa kwa urahisi kuliko laini. Chagua polishi laini, lakini usikimbilie sponji laini kuliko zote. Mara nyingi haina nguvu ya kuondoa ukungu ulioachwa na maikrofaiba, na sponji ya wastani hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache ulivyo, au upunguze kingo zake tu. Mwishowe futa tena kwa spiriti, tazama kwa taa, pima kila paneli mahali palepale ulipopima mwanzo, na uandike vipimo hivyo pamoja na pedi na polishi ulizotumia, ili atakayelishika gari hilo baadaye ajue ni klia kiasi gani iliyoondolewa.