Mhandisi mpya wa matengenezo, ijue mashine ikiwa nzima

Mhandisi mpya akiripoti kiwandani, mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwenye mashine iliyogoma, maana ndiko watu walikojazana na meneja wa uzalishaji anatazama saa. Atajifunza huko, lakini nusu tu. Ushauri wangu kwa wanaoanza ni huu: wiki za mwanzo zitumie kuzijua mashine zinazofanya kazi vizuri. Asiyejua hali ya kawaida ya mota atabaki kubadilisha spea kwa kubahatisha, na spea ni pesa.

Mimi niko kwenye kiwanda cha kusaga ngano, Dar es Salaam. Kuna rola za kusagia, machekeche makubwa ghorofa za juu, na katikati feni, skrubu za kusukuma unga na eleveta za vikombe zinazopandisha ngano na unga juu. Wewe waweza kuwa kwenye sabuni, soda au saruji. Beringi na mikanda utakayokutana nayo ni ya ukoo huo huo.

Chukua kauntabuku, kila mota ipe ukurasa wake. Nakili kibao chake: kilowati, volti, ampea, mizunguko kwa dakika, na namba za beringi za mbele na za nyuma kama zimeandikwa. Mota ya poli nne, yaani ncha nne za sumaku, kwa umeme wetu wa hezi 50 itasoma mizunguko kama 1,440 hadi 1,480. Usishangae kwamba haifiki 1,500, ndivyo mota za aina hiyo zilivyo. Kisha pima ampea za fezi zote tatu, yaani nyaya tatu za umeme wa mota, kwa klampu mita, ile inayobana waya kwa nje, mashine ikiwa na mzigo wake wa kawaida, na joto la kila beringi. Rudia kila wiki, mzigo ukiwa ule ule. Mota ya kilowati 30 ikisoma ampea 52 unaweza kusema iko salama, maana kibao kinaruhusu kama 55. Ila daftari likikuonyesha kwamba mwezi uliopita ilikuwa 45, hapo una kazi ya kufanya kabla haijasimama yenyewe saa tisa usiku.

Fezi moja ikizidi wenzake, usikimbilie kuihukumu mota. Pima kwanza volti kati ya fezi na fezi, kwa sababu tofauti ndogo ya volti huleta tofauti kubwa zaidi ya ampea. Bado huna jibu? Zima, funga kufuli, halafu hamisha nyaya zote tatu nafasi moja moja: ya kwanza iende ya pili, ya pili iende ya tatu, ya tatu irudi ya kwanza. Mota itazunguka upande ule ule. Washa upime. Ampea kubwa ikibaki kwenye laini ile ile ya umeme, tatizo linatoka kwenye paneli au huko nyuma yake: fyuzi, kontakta (swichi inayowasha mota) iliyoungua mdomo, skrubu iliyolegea. Ikihama pamoja na waya wa mota, basi ni mota. Kazi hii ni ya muda mfupi na imeokoa mota nyingi zisipelekwe kusukwa upya bure.

Waendesha mashine wasalimie kabla ya kuwauliza. Mama anayesimamia machekeche zamu nzima husikia mlio ukibadilika siku kadhaa kabla ya kipimo chako kuonyesha chochote. Akikuambia "leo inalia vibaya", panda ngazi ukasikilize, hata kama mara iliyopita hukuona kitu. Ukimpuuza mara mbili hatakuambia tena.

Sasa kufuli. Hapa sina mjadala na mtu yeyote. Zima mashine, kata umeme kwenye swichi yake kuu, weka kufuli yako mwenyewe na tegi yenye jina lako, ufunguo uingie mfukoni mwako. Jaribu kuwasha. Kisha pima: mita ijaribu kwanza mahali penye umeme, halafu hapo unapofanyia kazi, halafu irudishe tena penye umeme, ili ujue haikufa katikati. Toa upepo wa kompresa uliobaki kwenye mabomba. Kama mota inaendeshwa na inveta, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota, subiri muda ulioandikwa kwenye inveta yenyewe, kapasita zake hubaki na umeme baada ya kuzima. Mtu akikuambia "ni dakika mbili tu, ingia", mjibu kwamba kufuli nayo ni dakika mbili.

Kwetu wa unga kuna la ziada: vumbi la unga likitimka hewani likakutana na cheche hulipuka. Kwa hiyo beringi ya eleveta ikipata moto kuliko kawaida, simamisha, hata kama lori linasubiri mzigo. Na hakuna kuchomelea wala kusaga chuma karibu na eleveta au mapipa kabla hapajasafishwa na kibali hakijasainiwa.

Beringi ndiyo utakayobadilisha kuliko kitu kingine, kwa hiyo ijue vizuri. Chukua 6308: tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa tano, 08 inakupa tundu la milimita 40. Pima shafti kwa maikromita kabla ya kuvalisha, kwa kuwa shafti iliyolika itaila na beringi mpya. Herufi zinazofuata namba, kama C3, zina maana yake. Nunua zile zile. Beringi feki zipo sokoni. Ukienda maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ukakuta bei iko nusu ya ile ya wakala, iache. Beringi mpya ipashe moto kwa hita ya beringi hadi kama nyuzi 110, isizidi 120, na isiguswe na moto wa gesi. Isukume hadi kwenye bega la shafti, ishikilie mpaka ikamate. Nyundo haipigwi kwenye ringi ya nje ya beringi inayovalishwa shafti. Grisi jaza theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Ikijaa sana beringi huchemka. Usichanganye aina za grisi bila kuhakikisha zinakubaliana.

Ile ya zamani usiitupe. Ikate, ifute, uangalie njia ya mipira kwenye mwanga. Vishimo vilivyopangana kwa nafasi za mipira ni alama ya nyundo. Njia iliyokaa mshazari inasema mota na inachokiendesha havikunyooshwa. Grisi nyeusi iliyokauka ni joto au kukosa huduma. Mistari midogo iliyopangana kama ubao wa kufulia kwenye mota ya inveta mara nyingi ni umeme unaopita ndani ya beringi, na hapo hata ubadilishe mara ngapi, itakufa tena mpaka ushughulikie ethi (waya wa ardhini) au uweke beringi yenye kinga ya kuzuia umeme.

Kwenye ripoti usiandike "mashine imetengenezwa". Andika: "Feni ya ghorofa ya tatu, beringi ya mbele 6308 C3, njia ya mipira imekaa mshazari, puli zilipishana milimita 4, zimenyooshwa kwa uzi, mikanda yote imebadilishwa kwa pamoja, ampea baada ya nusu saa 45, 46, 45." Anayepokea zamu atajua pa kuanzia, na mikanda mipya atairudia kuikaza baada ya saa chache, maana hulegea.

Kama umemaliza shahada na uko Tanzania, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu mapema, usingoje mwajiri akuambie. Mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi mlezi huchukua miaka mitatu, na ripoti zilizoandikwa namna hiyo ndizo utakazomwonyesha.