Jinsi ya kuandaa skrini ya uwanjani kwa fainali ya hoki ya barafu

Timu ya mji ikiingia fainali ya Stanley Cup, kombe la ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, watu hawakaliki ndani. Jezi zinaning'inia madirishani, honi hazinyamazi, na jioni ya mechi maelfu wasio na tiketi wanamiminika katikati ya mji. Watakuja, skrini iwepo isiwepo, basi wapokelewe ipasavyo kwenye uwanja wa wazi wenye skrini kubwa.

Anza na tarehe. Fainali ni mechi 7 na bingwa ni anayetangulia kushinda 4, kwa hiyo kombe linaweza kutolewa tangu mechi ya 4. Kodi vifaa kwa tarehe zote, ila mkataba useme kwamba mechi ya 5, 6 na 7 zitalipiwa zikichezwa tu. Kibali cha kuonyesha hadharani kiombwe mapema kwa mwenye haki za matangazo.

Projekta isahau. Fainali huangukia Juni, na miji mingi ya hoki iko kaskazini, ambako jua la Juni huchelewa kuzama. Vancouver, Kanada, mwaka 2011, mechi ya 7 ilianza saa 11 jioni na ikaisha jua lingali juu. Unahitaji skrini ya LED ya nje yenye mwangaza wa niti 5,000 au zaidi.

Sasa paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kipenyo chake ni sentimita 7.6. Tuseme kamera inaonyesha mita 25 za barafu kwenye skrini ya upana wa mita 8: paki inabaki na sentimita 2.4. Skrini ambayo vitone vyake vya mwanga vimeachana kwa milimita 10 itaichora kwa vitone viwili au vitatu, na ikipigwa kwa nguvu haionekani tena. Chukua ya milimita 5 au pungufu. Mtazamaji wa mwisho asiwe mbali zaidi ya mita 40. Uwanja ukiwa mrefu kuliko hapo, weka skrini ya pili. Ukingo wa chini uwe juu mita 2.5, la sivyo walio nyuma wataona visogo vya wenzao.

Kwenye umeme ndiko mafundi waliozoea soka hukosea. Nyasi za kijani hazili umeme mwingi, lakini barafu ni nyeupe tupu, na LED hula zaidi kadiri picha inavyokuwa nyeupe. Usipige hesabu kwa matumizi ya wastani yaliyoandikwa na mtengenezaji. Tumia ya juu kabisa. Skrini ya mita 8 kwa 4.5 ina mita za mraba 36, na kwa wati 700 kila moja ni kilowati 25 hivi. Ongeza spika na taa, kisha chukua jenereta ya kVA 60, na ya pili iwe tayari pembeni.

Matangazo yapitie kisimbuzi cha setilaiti au kebo. Ya intaneti huchelewa hata nusu dakika, na baa ya jirani itashangilia bao kabla uwanja haujaliona. Hakuna kinachoua shangwe kama hicho. Intaneti iwe akiba tu. Spika za nyuma zilizo mita 40 kutoka za mbele zicheleweshwe milisekunde 120 hivi, maana sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Bila hivyo maneno ya mtangazaji yatasikika mara mbili.

Idadi ya watu: uwanja wa mita 40 kwa 60 ni mita za mraba 2,400. Toa theluthi moja kwa njia, vifaa na nafasi ya mbele ya skrini, zinabaki 1,600. Kwa watu wawili kila mita ni 3,200. Wakifika hapo, funga milango na waelekeze wengine kwenye skrini nyingine. Njia ya gari la wagonjwa isizibwe hata kwa dakika moja. Siku moja kabla, ondoa magari yote yaliyoegeshwa pamoja na mapipa ya taka. Katika ghasia za Vancouver mwaka 2011, magari yaliyokuwa barabarani yalipinduliwa na kuchomwa moto.

Mapumziko ni mawili, ya dakika 18 hivi, na wote hukimbilia chooni kwa mkupuo. Vyoo 40 si vingi.

Kisha muda wa nyongeza. Katika mechi za mchujo, fainali ikiwemo, hakuna penalti za kuamua mshindi: huchezwa vipindi vya dakika 20 hadi bao lipatikane. Mwaka 1936, timu za Detroit na Montreal Maroons zilicheza dakika 176 na sekunde 30. Kwa hiyo weka dizeli ya mara mbili ya muda uliopanga, walinzi wawe na zamu ya pili, na kampuni ya treni na mabasi iahidi kuongeza safari za usiku.

Kipenga cha mwisho kikilia, usizime skrini. Wachezaji hupanga mstari na kupeana mikono, timu ishinde au ishindwe; acha watu waone, na hata walio na machozi wawapigie makofi. Taa zote za uwanja ziwashwe kabla picha haijaondolewa, na milango yote ifunguliwe kwa pamoja.