Msuluhishi Ameamuru Benki Ikulipe Fidia: Namna ya Kuhakikisha Fedha Zinafika Mkononi

Mwongozo huu unawahusu wateja wa benki nchini Uingereza ambao malalamiko yao yamekwisha kuamuliwa na Financial Ombudsman Service, taasisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Huduma na Masoko ya Fedha ya mwaka 2000 ili kusuluhisha migogoro kati ya wateja na watoa huduma za fedha bila mteja kutozwa chochote. Malalamiko dhidi ya benki za Tanzania, Kenya au kwingineko yana njia zake na hayamo humu.

Katika kazi ya kuwasaidia wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi huku kuandika na kufuatilia malalamiko, nimeona kwamba wengi hujitahidi sana mpaka wapate barua ya ushindi, kisha hulegea, wakidhani kwamba benki iliyoshindwa italipa yenyewe. Benki nyingi hulipa. Zile zinazochelewa, kwa sehemu kubwa, hazifanyi ukaidi. Idara iliyojibu lalamiko si ile inayotoa fedha, na faili hukwama katikati. Hata hivyo, uwezo wako wa kuilazimisha benki unategemea jambo moja ambalo watu hulipuuza, nalo ni aina ya karatasi uliyonayo na kama uliikubali kwa wakati.

Hatua ya kwanza: tambua ni uamuzi wa nani

Lalamiko likifika kwa taasisi hiyo, kwanza hupewa mchunguzi, ambaye husoma pande zote mbili na kuandika maoni yake. Pande zote zikikubali maoni hayo, shauri huishia hapo. Upande mmoja ukikataa, faili hupelekwa kwa msuluhishi mwenyewe, ambaye hutoa uamuzi wa mwisho.

Karatasi hizi mbili hufanana kwa sura, lakini nguvu zake hazilingani. Uamuzi wa mwisho wa msuluhishi, ukikubaliwa na mteja, huwafunga wote wawili kwa mujibu wa kifungu cha 228 cha sheria niliyoitaja, na fidia iliyomo inaweza kudaiwa kwa nguvu ya mahakama. Maoni ya mchunguzi hayana nguvu hiyo, hata kama benki imeandika kwamba imeyakubali. Kanuni za mamlaka ya usimamizi, Financial Conduct Authority, zinaitaka benki itekeleze bila kuchelewa makubaliano yaliyofikiwa katika hatua yoyote ya shauri, lakini mahakama haiwezi kuyakazia, yaani kulazimisha yatekelezwe, kama inavyokazia uamuzi wa mwisho.

Kwa hiyo, kama ulichonacho ni maoni ya mchunguzi na benki imeyakubali kisha haikulipa, usikimbilie mahakamani. Mwandikie mchunguzi huyo huyo, mweleze kwamba makubaliano hayajatekelezwa, na uombe faili lipelekwe kwa msuluhishi ili atoe uamuzi wa mwisho. Ombi hilo huwa linaharakisha mambo kuliko barua tatu za kulalamika, kwa sababu benki inajua kinachofuata.

Hatua ya pili: kubali kwa maandishi kabla ya siku iliyotajwa

Uamuzi wa mwisho huja pamoja na tarehe ambayo unapaswa kuwa umejibu kama unaukubali au unaukataa. Ukinyamaza mpaka tarehe hiyo ipite, sheria inakuchukulia kuwa umeukataa, na benki haiwajibiki tena kukulipa. Upo mlango mwembamba kwa aliyechelewa kwa sababu ya maana na ambaye hakuwahi kusema kwamba anakataa, lakini mlango huo usiutegemee. Jibu kwa baruapepe au kupitia akaunti yako ya mtandaoni, na uhifadhi nakala yenye tarehe, kwa kuwa utaihitaji mbele ya safari.

Kabla ya kukubali, tafakari kiasi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba mteja aliyekubali uamuzi wa msuluhishi hawezi kwenda mahakamani kudai fedha zaidi kwa sababu ile ile ya madai. Kwa mtu anayedai pauni mia chache jambo hili halina uzito mkubwa. Lina uzito sana kwa yule ambaye hasara yake inapita kikomo cha fidia anachoweza kuamuru msuluhishi, ambacho kwa malalamiko yaliyofikishwa huko kati ya tarehe 1 Aprili 2025 na 31 Machi 2026 ni pauni 445,000 ikiwa kosa lilitendeka tarehe 1 Aprili 2019 au baadaye. Msuluhishi anaweza kupendekeza benki ilipe zaidi ya kikomo, lakini pendekezo si amri, na mwenye hasara ya ukubwa huo anapaswa kuonana na wakili kabla ya kutia saini.

Hatua ya tatu: piga hesabu yako mwenyewe

Usingoje benki ikuambie inakudai au inakulipa kiasi gani. Soma sehemu ya mwisho ya uamuzi, ambako amri zimeandikwa, na uzitenganishe katika mafungu: fedha za msingi zinazorudishwa, riba juu ya fedha hizo, na fidia ya usumbufu na fadhaa. Mara nyingi kuna fungu la nne ambalo halina tarakimu, kama vile kusahihisha kumbukumbu zako za mikopo au kuhesabu upya akaunti ya rehani.

Chukua mfano wa mtu aliyeamriwa kurudishiwa pauni 2,400 pamoja na riba ya kawaida, isiyo ya mlimbikizo, ya asilimia 8 kwa mwaka kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na pauni 200 za usumbufu. Riba yake ni pauni 288. Benki hutakiwa kukata kodi ya mapato ya asilimia 20 kwenye riba hiyo, yaani pauni 57.60, na kubakiza pauni 230.40. Jumla itakayoingia kwenye akaunti ni pauni 2,830.40. Kodi hukatwa kwenye riba peke yake. Ukiona imekatwa kwenye fedha za msingi au kwenye fidia ya usumbufu, hoji.

Angalia pia kama uamuzi unairuhusu benki kutumia fidia kupunguza deni lako. Kama una deni kwenye benki hiyo hiyo, inaweza kushawishika kuipeleka fidia huko na kukuambia kwamba imekwisha kulipa. Ikiwa uamuzi umesema ulipwe wewe, hoja yako ni fupi: amri haikutaja deni.

Hatua ya nne: hesabu siku na ufuatilie kwa maandishi

Maamuzi mengi huipa benki siku 28, na siku hizo huhesabiwa tangu benki ilipoarifiwa kwamba umekubali, wala si tangu tarehe ya uamuzi wenyewe. Watu wengi hukosea hapa na kuanza kugomba mapema. Muulize mchunguzi ni siku gani hasa aliiarifu benki, kisha uiandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda. Maamuzi mengi pia husema kwamba benki ikipitisha muda huo itaongeza riba ya asilimia 8 kwa mwaka mpaka siku ya malipo. Tafuta sentensi hiyo na uiwekee alama.

Katika siku za mwanzo tuma namba ya akaunti unayotaka kulipwa, maana benki isiyojua pa kupeleka fedha ina udhuru mzuri. Muda ukipita, andika barua moja kwenda idara ya malalamiko ya benki, ukitaja namba ya kumbukumbu ya shauri, tarehe ya uamuzi, tarehe uliyokubali, tarehe ambayo benki iliarifiwa, kiasi ulichokokotoa fungu kwa fungu, na siku 14 za mwisho ambazo baada yake utaiomba mahakama ikazie uamuzi. Nakala mpelekee mchunguzi. Usiandike kwa hasira, na usirudie historia ya mgogoro, kwani mgogoro umekwisha na kinachobaki ni deni.

Taasisi ya usuluhishi haina maofisa wa kukusanya madeni. Itaikumbusha benki, na inaweza kuitaarifu mamlaka ya usimamizi kuhusu benki isiyotekeleza maamuzi, jambo ambalo benki haipendi hata kidogo. Lakini kwenda mahakamani ni juu yako mwenyewe.

Jihadhari na simu zinazopigwa katika kipindi hiki na watu wanaodai kwamba fidia yako iko tayari ila inahitaji ada ya kuifungua. Huduma ya msuluhishi haina ada kwa mteja, mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya tano: omba mahakama ikazie uamuzi

Kwa Uingereza yenyewe (England) na Wales, njia imewekwa na Jedwali la 17 la sheria ile ile: fidia ya fedha iliyoamriwa na msuluhishi hudaiwa kana kwamba iliamriwa na County Court, yaani mahakama ya kawaida ya madai, mradi mahakama hiyo itoe amri. Huhitaji kufungua kesi mpya wala kuthibitisha tena kwamba benki ilikosea. Unajaza fomu N322A, unaambatanisha uamuzi wa mwisho na ushahidi kwamba uliukubali kwa wakati, unaeleza kiasi ambacho hakijalipwa, na unalipa ada ya mahakama. Mwenye kipato kidogo aombe kwanza msamaha wa ada kwa fomu EX160. Maombi ya namna hii huweza kushughulikiwa na ofisa wa mahakama bila kusikilizwa na jaji.

Andika jina la benki kama lilivyo kwenye uamuzi, herufi kwa herufi. Jina lililo kwenye kibao cha tawi huenda likawa la kibiashara tu, wakati kampuni inayowajibika ina jina jingine, na amri iliyotolewa dhidi ya jina lisilo na kampuni haina kazi.

Amri ikitoka na benki bado imenyamaza, unaweza kuomba madalali wa mahakama wakamate mali. Madeni yasiyofika pauni 600 hukaziwa na madalali wa County Court. Yanayozidi pauni 5,000 kwa kawaida hupelekwa kwa maofisa wa Mahakama Kuu. Yaliyo katikati, unachagua. Kwa benki kubwa sijaona haja ya kufika huko, kwa sababu amri ya mahakama yenye jina lake huhamia mara moja kutoka idara ya malalamiko kwenda kwa wanasheria wake, na wanasheria hulipa.

Lile fungu lisilo na tarakimu haliingii kwenye fomu hii. Agizo la kutenda jambo, kama kufuta taarifa mbaya kwenye kumbukumbu za mikopo, hukaziwa kwa zuio la mahakama (injunction), yaani amri ya kutenda au kutotenda jambo, ambalo ni ghali na gumu kwa mtu asiye na wakili. Ndiyo maana nashauri maagizo hayo yafuatiliwe kupitia kwa mchunguzi kwa muda mrefu zaidi. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina utaratibu wao wa kukazia, kupitia mahakama ya sherifu na ofisi ya ukaziaji hukumu.

Hatua ya sita: fedha zikishaingia

Linganisha kilichoingia na hesabu yako, kisha uombe cheti cha kodi iliyokatwa kwenye riba. Mlipa kodi wa kiwango cha chini anaruhusiwa kupata hadi pauni 1,000 za riba kwa mwaka bila kodi, kwa hiyo mtu wa mfano wetu, kama hana riba nyingine inayojaza kiasi hicho, anaweza kudai pauni zake 57.60 kutoka mamlaka ya kodi kwa fomu R40.

Anayepokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, atoe taarifa ya fedha hizo, kwa sababu akiba inayozidi pauni 6,000 hupunguza malipo, na inayozidi pauni 16,000 huyasimamisha. Aliyeagiziwa kumbukumbu zake zisafishwe asubiri wiki sita hivi, kisha aagize ripoti yake kutoka kwenye kampuni zote tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo, Experian, Equifax na TransUnion, kwa kuwa benki huweza kurekebisha kwenye moja na kuzisahau mbili.